Wifi anataka nitoe ushuhuda wa vitamini C, na tumbo langu bado linawaka

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mama wa watoto watatu, miaka 38, fundi cherehani hapa Dodoma mjini. Naomba jina langu lisitokee, na kama humu kuna kitu kitakachomfanya mtu anijue, kiondoe.

Mume wangu ni kitindamimba kwao. Baba yao alifariki yeye akiwa darasa la tatu, na aliyemsomesha ni dada yake mkubwa, ndiye wifi yangu. Aliuza vitumbua, akauza mitumba, akakataa wachumba mpaka mdogo wake alipomaliza chuo. Kwetu hakuna jambo linalopita bila yeye kuulizwa, na sisemi kwa ubaya. Mimi mwenyewe nilipojifungua kwa upasuaji mtoto wa pili, yeye ndiye aliyenipikia uji na kunifulia mwezi mzima.

Mwaka jana alijiunga na biashara ya virutubisho. Wanauza vitamini C ya vidonge vya miligramu 1000, na ipo nyingine ya kutumbukiza kwenye maji inayotoa povu. Unanunua makopo, unaingiza watu chini yako, wakinunua unapata pointi. Mtaji alikopa kwenye kikoba chetu, laki nane, na mdhamini wake ni mimi. Makopo mengi bado yako chini ya kitanda chake, niliyaona nilipokwenda kumsalimia.

Tumbo langu ni la siku nyingi. Miaka miwili iliyopita nilipimwa damu nikaambiwa nina vidonda vya tumbo, nikapewa dozi, nikapata nafuu ya nusu. Tangu hapo nikawa nameza omeprazoli karibu kila siku, zikiisha nanunua tena duka la dawa. Wifi aliponiletea kopo la kwanza akaniambia hizo omeprazoli zinaharibu tumbo, niziache, vitamini C itaponya vidonda yenyewe. Nikaziacha siku hiyo hiyo. Nikaanza vitamini C, kimoja asubuhi kabla ya kwenda kibandani, kimoja usiku.

Wiki ya kwanza nilijiona nina nguvu. Wiki ya pili pakaanza kuwaka hapa kwenye chembe cha moyo, maji machungu yanapanda mpaka kooni, na nikiinamia cherehani ndiyo usiseme. Usiku mmoja nilikimeza kidonge kwa funda la mwisho la chai, nikalala. Saa nane nikaamka, kidonge nakihisi hapa katikati ya kifua kama kaa la moto. Siku tatu hata mate yalikuwa yananichoma kuyameza. Nikamwambia wifi. Akacheka, akasema, “Hiyo ni sumu inatoka, wifi yangu. Ongeza maji, usiache.” Jirani yangu pale kibandani, anayeuza vifungo, akaniambia kinyume chake: vitamini C ni asidi, tumbo lina asidi, wewe unamwagia petroli kwenye moto.

Nilivimeza miezi miwili nikashindwa. Sasa huu ni mwezi wa pili sivimezi, ila wifi hajui. Kila akileta kopo namlipa elfu arobaini, vidonge navimimina kwenye droo ya cherehani kwenye bobini, kopo tupu naliacha mezani alione. Juzi nilimkuta mwanangu wa mwisho analamba kimoja, ananiambia ni pipi ya chungwa.

Kuwaka kumepungua lakini hakujaisha. Mgongo nao unanisumbua, hiyo ni kazi, nikimeza diklofenaki zangu mbili mchana naendelea.

Kilichonifanya niandike ni hiki. Jumamosi ya mwisho wa mwezi wana semina, na wifi anataka nisimame mbele ya watu niseme nilikuwa na vidonda vya tumbo nikapona kwa vitamini C. Ameshawatangazia. Ameninunulia na kitenge cha kuvaa siku hiyo. Mume wangu anasema, “Ni dakika mbili tu, utapungukiwa nini? Dada akikwama, deni si tutalipa sisi?” Na mama mkwe yuko Kongwa, ana presha, naye ameanza zile za povu asubuhi na jioni. Anasema zinamchangamsha kama soda.

Nikisema ukweli nitakuwa nimemvunja mtu aliyetubeba. Nikisimama nitadanganya mbele ya wanakikoba wenzangu. Nisipotokea atajua kuna kitu. Na kweli, vitamini C inaongeza asidi tumboni, au ni maneno ya watu?

Fundi wa Dodoma

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu. Kabla ya safu hii nilikaa miaka mingi kwenye dirisha la dawa, kwa hiyo jicho langu hukimbilia dozi na saa za kumeza kabla ya kufika kwenye undugu. Nivumilie nianzie huko. Mimi si daktari wako, tumbo lako sijaligusa, lakini kuna mambo umeyaandika kwa kupitia tu ambayo mimi yamenisimamisha.

Nikikuelewa sawasawa, una maswali mawili yaliyoshonwa pamoja. Moja ni la tumbo: ni vitamini C iliyokuunguza, au ni kitu kingine? La pili ni la kinywa: usimame useme nini, mbele ya nani. Umeyashona kiasi kwamba unaona ukipata jibu la kwanza, la pili litakuwa limejijibu. Sidhani kama ndivyo.

Jirani yako wa vifungo ana nusu ya ukweli. Vitamini C ni asidi kweli, jina lake la kitaalamu ni asidi askobiki. Lakini asidi zinazidiana. Ukali wake hupimwa kwa kipimo cha pH: maji safi ni 7, na kila namba moja ikishuka, ukali unapanda mara kumi. Tumbo lako likiwa tupu linacheza kati ya 1 na 3, kwa asidi linayoitengeneza lenyewe, ileile inayosaga nyama. Kidonge chako ukikiyeyusha kwenye glasi ya maji utapata uchachu ulio karibu na wa maji ya matunda makali. Kwa hiyo petroli aliyoisema jirani haipo. Tumbo lenyewe ni kali kuliko kinachoingizwa.

Ila kutoongeza asidi si sawa na kutoumiza, na hapo ndipo wifi naye anapopata nusu yake tu. Kidonge cha miligramu 1000 kikitua kwenye utando ambao tayari una mchubuko, mchubuko utakisikia. Na mwili una mlango mwembamba kwa vitamini hii. Ukila kiasi cha kawaida, kama kile cha kwenye chungwa, unachukua sehemu kubwa, lakini ukipita miligramu 1000 kwa mkupuo, unachukua chini ya nusu. Kinachobaki kinateremka utumbo mpana, kinavuta maji, na mtu anaanza kulalamika tumbo linanguruma, kichefuchefu, kuhara. Mwanamke mtu mzima anahitaji kama miligramu 75 kwa siku kwa viwango vya Marekani, na Shirika la Afya Duniani limeweka 45. Kikomo ambacho wataalamu wengi wanasema mtu mzima asikivuke ni 2000. Wewe ulikuwa umesimama juu ya mstari huo kila siku, kabla hata ya kuhesabu chakula.

Lile kaa la moto la saa nane usiku ni jambo la peke yake, na sitaki lipotee humu. Hilo halikuwa sumu inatoka. Kidonge kikubwa kikimezwa kwa funda moja la chai, kisha mtu akalala, kinaweza kunasa kwenye koo la chakula na kuyeyuka palepale. Pale hapana utando mnene kama wa tumboni, kwa hiyo panaungua. Pale dirishani nilikuwa nawaambia watu hivyo hivyo kuhusu vidonge vya madini ya chuma na doksisaiklini, ambayo ni antibayotiki, na vitamini C imo kwenye orodha hiyo hiyo. Kidonge chochote kinatakiwa glasi nzima ya maji, na ukae wima nusu saa. Nilivyokuwa nikirudia maneno hayo, wateja walidhani nina wazimu wa maji.

Sasa niruhusu nikuulize kitu. Umesema vitamini C uliacha, huu mwezi wa pili, na kuwaka kumepungua lakini hakujaisha. Kama mwizi ameshaondoka nyumbani na vitu bado vinapotea, wewe kama mama mwenye nyumba utafikiri nini?

Rudi nyuma uangalie wiki ile ya kwanza. Ulibadilisha mambo mawili kwa siku moja: ukaanza vitamini C, ukaacha omeprazoli ghafla baada ya kuzimeza muda mrefu. Omeprazoli inazuia tumbo kutengeneza asidi. Mtu aliyeizoea akiikata kwa mkupuo, tumbo mara nyingi hurudi kwa kishindo na kutengeneza asidi nyingi kuliko mwanzo, kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo moto wa wiki ya pili unaweza kuwa ulitokana na kile ulichoanza, au na kile ulichoacha, au vyote viwili. Kutoka hapa nilipo sina namna ya kuvitenganisha. Wifi naye hana, na jirani hana.

Kisha kuna diklofenaki. Umeiandika kwa mstari mmoja, mwishoni, kama mtu anayetaja chumvi kwenye mapishi. Mwanangu, mimi hapo ndipo nilipopiga mstari kwa wino mwekundu. Dawa za maumivu za jamii hiyo, pamoja na ibuprofeni na aspirini, zinapunguza kinga ya ute inayolinda ukuta wa tumbo, na ni moja ya sababu kuu mbili za vidonda vya tumbo duniani kote. Unazimeza mbili mchana, na sijui kama ni kila siku, sijui kama unakuwa umekula. Mafundi wengi ninaowajua chai yao ya asubuhi ni ya rangi, na chapati inakuja saa nne mteja akichelewa. Halafu unainama juu ya mashine tumbo limekunjwa. Kuinama peke yake kunapandisha asidi kooni. Usiikate dawa ya mgongo kwa sababu nimesema mimi. Mwambie tabibu unazimeza ngapi na tangu lini, na umuulize mgongo utatulizwa na nini kingine.

Sababu kuu ya pili ni bakteria anayeitwa Helicobacter pylori. Zamani hata madaktari waliamini vidonda vinaletwa na mawazo na pilipili. Waaustralia wawili, Barry Marshall na Robin Warren, wakasema kuna mdudu, watu wakawabeza, mpaka Marshall mwaka 1984 akanywa mwenyewe kikombe cha bakteria hao na kuugua tumbo. Mwaka 2005 wakapewa Tuzo ya Nobel. Nakusimulia hivi kwa sababu moja: bakteria huyo anatolewa kwa antibayotiki zinazochanganywa na dawa ya kupunguza asidi, kwa kawaida siku 14 bila kuruka, na vitamini C hata ukimeza kopo zima haifanyi kazi hiyo. Wewe ulipimwa damu. Kipimo cha damu kinaonyesha kwamba mwili uliwahi kukutana naye, na kinaweza kuendelea kusoma hivyo muda mrefu hata baada ya tiba. Nafuu ya nusu uliyopata ingestahili kipimo cha choo, ambacho kinaonyesha kama bado yumo. Ukienda, waambie kama umemeza omeprazoli wiki mbili za karibuni au antibayotiki ndani ya mwezi, maana zinaweza kumficha.

Na hili lisisubiri miadi: ukitapika damu au kitu kama mabaki ya kahawa, choo kikawa cheusi kama lami, chakula kikaanza kukwama, au ukakonda bila sababu, nenda siku hiyo hiyo.

Nisiwe kama nimemsulubu wifi yako. Vitamini C ni kitu cha kweli. Bila hiyo fizi zinatoka damu na kidonda hakifungi, na wenye H. pylori huwa na vitamini C pungufu kwenye majimaji ya tumbo. Kwa hiyo aliposikia kwenye semina kwamba inasaidia vidonda kupona, hakuokota hewani. Kilichotokea ni ukweli mdogo kuvutwa mpaka ukafika usipopaswa kufika. Na sisi wa Dodoma, kusema kweli, tungekuwa wa mwisho kuinunua kwenye kopo. Unga wa ubuyu, ambao mibuyu yake imetuzunguka kila upande, vipimo vingi vimeukuta na miligramu 150 hadi 300 kwa kila gramu 100, ingawa inatofautiana mti kwa mti. Pera lina zaidi ya 200. Zabibu zetu tunazojivunia, samahani wakulima, zina chache tu. (Ubuyu nao ni mchachu, siku tumbo limechafuka, usiunywe mtupu asubuhi ukidhani kwa kuwa ni wa mti hauumi.)

Lile jibu la “sumu inatoka” ndilo linalonitia wasiwasi kuliko vidonge vyenyewe. Ukijisikia vizuri, dawa inafanya kazi. Ukijisikia vibaya, dawa inafanya kazi. Je, mwili wako ungefanya nini ili wifi aseme, “Hapana, hii haikufai, acha”? Pengine hata yeye hajawahi kujiuliza. Amefundishwa jibu hilo na mtu wa juu yake, naye alifundishwa na wa juu yake.

Tuje kwa mama yetu wa Kongwa, kwa sababu yeye hana muda wa kusubiri Jumamosi. Kinachofanya kile kidonge kitoe povu ni magadi ya aina ya sodiamu yanapokutana na asidi ndani ya maji. Kidonge kimoja kinaweza kubeba miligramu 200 hadi 300 za sodiamu, vingine zaidi, na mtu anashauriwa asipite 2000 kwa siku kwa vyakula vyote. Kwa mwenye presha anayekunywa asubuhi na jioni, hiyo ni chumvi anayoongezewa bila kuionja, maana ina ladha ya chungwa. Kopo lisomwe kwa nyuma, kisha alibebe aende nalo siku ya kliniki pamoja na dawa zake. Hili unaweza kumwambia mumeo leo, na halihitaji umshtaki mtu. “Mama ana presha, hizi zina chumvi” ni sentensi ambayo hata wifi anaweza kuibeba bila kuvunjika. Tena angalia kama haitakuwa mlango. Mtu anayempenda mama yake akisikia hilo moja, la pili linakuwa jepesi kulisikia.

Sasa Jumamosi yako.

Umeniandikia njia tatu, na zote umezifunga mwenyewe: kusema ni kumvunja, kusimama ni kudanganya, kutokwenda ni kujitangaza. Nina shaka na ile ya kwanza. Unamjua wifi aliyeuza vitumbua na mitumba, aliyekataa wachumba kwa ajili ya mdogo wake. Huyo ni mtu wa kuvunjika kwa kuambiwa tumbo la wifi yake linauma? Huenda atakasirika, huenda wiki mbili hatapokea simu. Lakini unaogopa kumvunja, au unaogopa kuonekana huna shukrani? Woga wa pili nauheshimu sana, ila dawa yake si ileile.

Ukisimama na kusema kama ulivyoandaliwa, utapata amani ya nyumbani kwa siku ile, na mumeo atapumua. Hatari yake ni kwamba ushuhuda wako utamezwa na matumbo ya wengine. Katika watu waliokaa pale atakuwepo mama mmoja mwenye kidonda kweli, anameza omeprazoli zake, na kesho yake atazitupa kwa sababu fundi alisema alipona. Wanakikoba wanakujua, watakuja kibandani kukuuliza uliendeleaje. Ushuhuda wa dakika mbili utaurudia mwaka mzima, kwa kila mteja anayeleta gauni.

Ukiugua siku hiyo, yaani ukijiuguza, utapita hiyo Jumamosi. Semina itakuwepo nyingine. Na kopo litaendelea kuja.

Ukimtuma mumeo, inaweza kufaa, kwa kuwa wao ni damu moja na maneno makali baina yao hayaachi kovu. Lakini yeye mwenyewe bado hajui kwamba vidonge viko kwenye droo, sivyo? Sikuona mahali uliposema umemwambia. Alipouliza utapungukiwa nini, pengine alidhani kweli umepona.

Ipo na ile ya kwenda kwa wifi peke yako kabla ya siku hiyo, jioni, si kwa simu, si mbele ya watu wake wa timu. Kama utaichagua, usianze na asidi wala pH zangu hizi, maana mtaishia kubishana kuhusu dawa na yeye ana makaratasi ya semina. Anza na yale yasiyobishaniwa: “Wifi, nilikuficha kitu, na nimeona aibu. Vidonge niliacha, huu ni mwezi wa pili sivimezi. Bado naumwa. Nataka nikapime upya, na sitaki nisimame niseme nimepona kabla sijajua.” Hapo hujasema biashara yake ni mbaya. Hujasema amekudanganya. Umesema habari za tumbo lako, ambalo ni la kwako. Hatari ni kwamba atahisi umemfanya mjinga kwa miezi miwili, na hapo atakuwa na haki kidogo. Yale makopo matupu mezani ndiyo yatakayomuuma kuliko kidonge. Mwache aseme.

Ukitaka bado kumshika mkono siku yake, unaweza kwenda na kitenge chako, ukakaa, ukapiga vigelegele, usipande jukwaani. Au ukapanda ukamshuhudia yeye mwenyewe, jinsi alivyolea na kusomesha. Hilo huna haja ya kulitunga. Lakini pima: katika ukumbi ule, sifa za muuzaji zinaweza kusikika kama sifa za kopo.

Deni nalo tusilifunike. Wewe ni mdhamini, na laki nane si hela ya kuchezea. Ila piga hesabu hii kwa penseli ya chaki yako. Kila mwezi unatoa elfu arobaini kununua vidonge vya kuweka kwenye droo. Katika hiyo arobaini wifi anapata faida kidogo tu, nyingine inakwenda juu kwa wenye mali. Ukiipeleka elfu arobaini ileile kikobani kwa jina lake kama rejesho, yote inashuka kwenye deni. Kwa miezi minne ni laki moja na sitini. Sikuamulii, lakini kama lengo ni kumsaidia, kuna msaada unaomfikia wote na kuna unaomfikia kwa vijisenti. Pengine hilo ndilo la kuanza nalo mbele ya mumeo, kwa kuwa yeye ameliona deni kabla ya tumbo.

Kuhusu tumbo, kabla hujafika hospitali chukua daftari la vipimo vya wateja, fungua ukurasa wa nyuma. Andika saa uliyokula, saa uliyomeza kila kidonge na cha nini, saa moto ulipowaka na ulikuwa umekaa vipi. Siku kumi zinatosha. Usibadilishe vitu vitatu kwa mkupuo kama mara ile, maana hutajua kipi kimekuponya. Karatasi hiyo mpe tabibu. Dirishani tulikuwa tunawapenda sana wagonjwa waliokuja na karatasi.

Niandikie ukishapima, hata kwa mistari miwili. Na kabla ya yote hayo, leo jioni, ile droo ya cherehani. Vidonge vitoe kwenye bobini uviweke juu ambako yule mlambaji wako hafiki, na umwambie kwa upole kwamba si pipi, maana ladha ya chungwa ameshaijua, na kesho atakutana nayo kwenye dawa nyingine.